Kulinda ngome angani mkiwa wawili au wanne: Mindustry, X-Morph, Sanctum 2 au Lovers?

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, jioni huanza na swali moja: kuran iko, yaani umeme upo? Ikiwapo, televisheni inawashwa, laptop inaunganishwa kwa waya, na wadogo zangu wanagombania manete mbili tulizo nazo, vile vidude vya kuchezea vya kushika mkononi. Isipokuwapo, kila mtu anatoa simu yake, tunakaa barazani gizani, na kitu pekee kinachoonekana ni nyuso zilizomulikwa na skrini. Kwa miaka kadhaa sasa jioni zote hizo, za kuran na za giza, tumezijaza kwa aina moja ya mchezo: ule ambao unaendesha chombo chako na kupiga risasi kwa mkono wako mwenyewe, huku ukijenga mizinga ya kulinda kitu fulani kisifikiwe na maadui, na kazi hiyo huifanyi peke yako.

Majirani wameshazoea kuniita langoni kwa jina tunalomwitia ndugu mkubwa: "Yaya, tuchukue upi?" Huwa siwajibu haraka, kwa sababu picha za matangazo zinafanana zote. Zote zina nyota, zote zina miali ya rangi, zote zinaahidi kwamba utacheza na marafiki. Ukishalipa ndipo unagundua kwamba huu unataka laptop nne na intaneti, ule unataka televisheni moja na manete mbili, na mwingine ungeweza kuuchukua bure kutoka simu ya jirani kabla bukari, ugali wetu, haijaiva.

Kiunzi chao ni kimoja. Kuna kiini cha kulindwa. Kuna maadui wanaokuja kwa mawimbi, kila wimbi likiwa zito kuliko lililotangulia. Kuna dakika chache za kupumua katikati, na hizo ndizo za kujenga. Halafu uko wewe, unayekimbilia kuziba pale ambapo mizinga haifiki. Mbegu yake ni ya zamani sana: hata Space Invaders ya mwaka 1978 ilimpa mchezaji ngome nne za kujikinga, zilizokuwa zikimomonyoka kila zilipopigwa. Siku hizi ngome unazijenga mwenyewe, na zinajibu mapigo.

Baada ya kucheza na watoto, na watu wazima, na wageni waliokuja msibani wakabaki wiki nzima, nimekuja kuona kwamba jambo la kuuliza kwanza si picha wala bei. Ni stoo. Mali ya kujengea inakaa kwa nani? Kuna michezo ambayo stoo ni moja na kila anayechimba anachimbia wote. Kuna mingine ambayo mali inamwagwa chini na anayewahi ndiye anayeokota. Na kuna ambayo hakuna stoo kabisa, ila mnakaa ndani ya chombo kimoja na mkifa mnakufa pamoja. Jambo hilo moja linaamua kama mtamaliza jioni mkicheka au mkinuniana, na wauzaji hawaligusi kamwe.

Mindustry: shaba ya simu

Huu ndio ninaoujua kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nao zaidi.

Mindustry ulitengenezwa na mtu anayejiita Anuken, ukaanza mwaka 2017 kama kazi ya shindano la kutengeneza michezo kwa muda mfupi. Programu yake ni huria, maana yake msimbo uko wazi kwa kila mtu. Kwenye simu za Android ni bure, na uzito wake ni makumi ya mega, si giga. Toleo la Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, linalipiwa, lakini kwa sisi tunaotumia simu hilo halituhusu. Kwa kuwa leseni yake inaruhusu kugawana, faili unaweza kulipokea kwa Bluetooth kutoka kwa rafiki bila kumwibia mtu yeyote. Mimi jambo hilo nalipenda sana, maana nusu ya michezo inayozunguka mtaani haijulikani ilikotoka.

Mchezo unaanza kwa shaba. Uwanja wa kwanza unaoshukia, unaoitwa Ground Zero, una madoa ya rangi ya chungwa ardhini, na hayo ndiyo mawe ya shaba. Karibu yake kuna madini ya risasi na mchanga. Unaweka kifaa cha kuchimbia juu ya doa, unatandika mkanda, na vipande vinaanza kutembea kimoja kimoja hadi kwenye kiini chako. Kwa mtoto wa Lubumbashi hilo si jambo dogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mkoa wetu wote ulibeba jina la Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Bomba la moshi la kiwanda na kilima cha mabaki kando yake tunaviona tangu tukiwa mgongoni kwa mama. Lakini kazi yenyewe, jiwe linatokaje ardhini na linageukaje kuwa kitu, watoto wengi hawajawahi kuiona. Mdogo wangu wa mwisho alipotandika mkanda wake wa kwanza alikaa akiufuata kwa kidole juu ya kioo cha simu, kipande hadi kipande, kisha akaniuliza: "Yaya, inaenda wapi?" Nikamwonyesha: inaingia kwenye kiini, na kutoka kiini ndiyo inajenga ule mzinga pale. Alirudia safari hiyo kwa kidole mara tatu.

Mzinga wa kwanza unaitwa Duo. Unakula shaba kama risasi, na ukiulisha grafiti unauma zaidi. Hapa ndipo wanaoanza wote hujikwaa, kwa hiyo nieleze kwa karibu. Mkanda katika Mindustry hupeleka mzigo kwa kitu kilicho mbele ya ncha yake tu. Mzinga uliosimama ubavuni mwa mkanda haupati hata punje. Jioni moja binamu yangu alipanga Duo sita kando ya mkanda mrefu, safi kama mstari wa wanafunzi asubuhi, na wimbi lilipofika hakuna hata moja iliyopiga. "Yaya, zote hazipige!" Shaba ilikuwa inapita mbele ya midomo yao na kwenda zake. Dawa ni kuweka kigawanyi katikati ya mkanda, kile kinachoandikwa router, ambacho hutupa vipande pande zote. Kabla hatujakiweka, dada yake aliokoa jahazi: akaruka na chombo chake hadi kwenye kiini, akachukua grafiti, akaipeleka mwenyewe na kuitia ndani ya Duo moja baada ya nyingine huku maadui wakikaribia. Mchezo unaruhusu hivyo. Chombo unachoendesha mwanzoni, Alpha, kinapiga, kinajenga, na kinabeba mzigo.

Stoo ni moja. Yeyote anayechimba, shaba inaingia kwenye kiini cha wote, na yeyote anayejenga anaitoa humo humo. Hii ndiyo sababu inayonifanya niuweke mbele. Watu wanagawana kazi bila kuambiwa: mmoja anabaki migodini, mmoja anashughulika na mizinga, na yule asiyetulia anaruka huku na huku akipiga. Ugomvi unaotokea ni wa aina njema, wa kuulizana nani ametumia shaba yote kujenga ukuta mahali ambapo hakuna anayepita. Na ukiuliza, jibu liko machoni pa wote.

Maadui nao wana tabia, si vivuli tu. Dagger wanatembea kwa miguu na kufuata njia. Flare ni vyombo vidogo vyenye kasi. Horizon ndiyo balaa ya wanaoanza: hazina bunduki, zinapita juu ya mikanda yako na kudondosha mabomu, na usipokuwa na Scatter, mzinga wa kupiga vitu vya angani, utaiona kazi ya nusu saa ikikatika vipande. Scatter inakula madini ya risasi, na mara nyingine huwa nasimama kidogo kufurahia kwamba kwa Kiswahili chuma hicho na kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja.

Kuunganisha simu ni rahisi. Mmoja anawasha hotspoti, wengine wanaingia kwenye Wi-Fi yake, aliyefungua ramani anaifungua kwa wengine, nao wanaiona kwenye orodha. Hamtumii mega hata moja, kwa sababu mazungumzo yote yako kati ya simu zenu. Kompyuta na simu zinaweza kuchanganyika katika mchezo mmoja.

Sasa mapungufu yake, maana yapo. Anayetaka mchezo wa kufyatua risasi mwanzo hadi mwisho hataridhika: Alpha ni dhaifu, na kwenye simu huchagua shabaha yenyewe, hivyo kazi kubwa ni ya mizinga. Skrini ndogo inachosha vidole. Baada ya ramani chache za mwanzo mambo yanazidi kuwa mengi, silikoni, titani, umeme, maji ya kupoza, na mtoto ambaye hajasoma vizuri anapotea. Kuna Kifaransa ndani, na hilo linawasaidia wanafunzi wetu, ila kusoma ni lazima.

X-Morph: Defense, mzuri mno, na swali la mama

Kuran ikiwapo na wachezaji wakiwa wawili, sijaona mchezo unaoushinda huu kwenye televisheni. Umetengenezwa na EXOR Studios ya Poland, ukatoka mwaka 2017 kwa kompyuta na kwa vifaa vya michezo PS4 na Xbox One, na kifaa cha Switch kikafuata mwaka 2019. Wachezaji wawili wanagawana skrini moja, kila mmoja na manete yake.

Hapa chombo chako si dhaifu. Unaruka juu ya mji, unapiga kwa mkono mmoja na kuelekeza kwa mwingine, na una mapigo mazito unayoyakusanya kwa kushikilia kitufe. Kabla ya kila wimbi, mchezo unachora chini njia ambayo maadui watapita, mstari unaong'aa unaopinda kati ya majengo. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukiweka minara miwili karibu, kati yake unatokea uzio wa miale, na njia ile inajichora upya mbele ya macho yako: safu ya vifaru iliyotaka kupita barabara kuu sasa inalazimika kuzunguka sokoni, na kila mita unayoiongeza ni mita ya kupigwa na minara yako. Majengo nayo yanaanguka. Ghorofa likipigwa vya kutosha linalala barabarani, na kifusi chake kinaziba au kugeuza njia. Nimewaona watu wazima wawili, baba wa familia, wakibishana robo saa mbele ya skrini iliyosimama kuhusu ghorofa lipi lilazwe na liangukie upande gani.

Jambo moja kila mzazi alijue kabla ya kuchagua. Katika mchezo huu wewe si mlinzi wa dunia. Wewe ndiye uliyeshuka kutoka anga nyingine, umekita mtambo wako katika ardhi ya watu ili kuinyonya na kuigeuza ifae kwa wenzako, na wale wanaokuja kwa mawimbi ni binadamu wanaotetea kwao. Mama alipita siku moja akiwa na beseni la nguo, akasimama.

"Hawa munaopiga ni akina nani?"

"Ni watu, mama."

"Wamefanya nini?"

Mdogo wangu akamjibu kwamba hawajafanya kitu, sisi ndio tumekuja kwao. Mama akatazama kidogo, akaenda kuanika. Tuliendelea kucheza, lakini swali lake lilibaki nasi, na sidhani kama katika mji huu, ambao ulichimbwa na wageni tangu siku yake ya kwanza, mtu anaweza kucheza hadithi hiyo bila kuisikia. Simkatazi mtu. Mchezo umeundwa kwa akili na ninaupenda. Nataka tu mzazi aijue hadithi kabla ya kuwasha, ili mtoto akiuliza kuwe na mtu wa kuzungumza naye.

Upungufu mwingine ni wa hesabu: wawili tu, basi. Katika lupango, yaani ua la nyumba, lenye watoto saba, watano wanatazama. Sisi tumeweka sheria kwamba manete inabadilisha mkono kila wimbi linapokwisha, na imesaidia.

Sanctum 2: anayewahi ndiye anayeokota

Huu ni wa Coffee Stain Studios ya Sweden, wa mwaka 2013, na ulifuata Sanctum ya mwaka 2011. Anga iko katika hadithi tu, maana mnatembea kwa miguu na bunduki mkononi kwenye sayari iitwayo LOEK III, mkilinda viini vinavyowapa binadamu hewa ya kupumua dhidi ya wenyeji wa sayari hiyo. Mnaweza kuwa hadi wanne.

Kati ya mawimbi, mali ya kujengea inadondoka karibu na kiini, na kila mchezaji anaokota kwa mkono wake. Aliyeokota ndiye anayejenga. Hakuna anayelazimishwa kugawana. Kwanza unaweka misingi, vitalu ambavyo juu yake mnara unakaa, na kwa misingi hiyo mnajenga vichochoro virefu vya kuwazungusha maadui. Wimbi likianza mnaingia wenyewe kichochoroni, mnapiga mahali palipo laini mwilini mwa mnyama, mgongoni au kichwani kutegemea aina yake. Kila mtu huchagua kabla ya ramani mhusika wake, silaha zake na minara michache atakayoruhusiwa kujenga, hivyo mkiwa wanne mnahitaji kukubaliana mapema nani abebe nini.

Kwa kundi lililozoeana ni mtamu kweli. Kwa watoto wa nyumba moja, mali ile iliyomwagwa chini ni chanzo cha kelele. Mkubwa anawahi, mdogo anabaki na bunduki peke yake, bila cha kujengea, na macho ya machozi. Nilijaribu kwa mashini mbili, yaani kompyuta, nilizoazima kwa rafiki zangu wawili wenye watoto, na kabla ya ramani ya tatu watoto walikuwa wameshaacha kusemeshana. Tulipokubaliana kwamba mali yote ya wimbi la kwanza na la pili inachukuliwa na mtu mmoja ambaye ndiye mwashi wetu, mambo yakanyooka. Mchezo wenyewe haukufundishi hilo, lazima mlilete wenyewe.

Kikwazo kikubwa kwetu ni kwamba kila mchezaji anahitaji mashini yake na nakala yake, na kukutana kwenu kunapitia intaneti. Si mchezo wa kukaa mbele ya televisheni ya familia. Kwa wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa mjini, wanaokaa chumba kimoja, kila mmoja na laptop yake na mtandao wa kuchangia, unafaa. Una faida moja wasiyoitarajia: kwa kuwa ni wa 2013, mashini za mkono wa pili za kawaida zinaumudu vizuri kuliko michezo mipya.

Lovers in a Dangerous Spacetime: hakuna minara, ila chumba hadi chumba

Mtu makini ataniambia huu si mchezo wa kulinda ngome. Ni kweli, hakuna mnara unaojengwa. Ninauweka hapa kwa sababu kila mara mtu anapoelezea anachokitafuta, "kitu cha anga, tucheze sote, tukimbizane na mizinga," ninaona kwamba anautafuta huu bila kujua.

Asteroid Base ya Toronto iliutoa mwaka 2015. Mko ndani ya chombo kimoja cha duara chenye vyumba na ngazi. Kuna mizinga pande nne, kuna ngao, kuna injini, kuna ramani, na kuna silaha kubwa inayozunguka. Nyinyi ni wawili, au hadi wanne, na vituo ni vingi kuliko nyinyi. Adui akija juu, mtu anapanda ngazi kwenda mzinga wa juu, na mara hiyo injini haina mtu. Mnapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Chombo chenyewe ndicho ngome, na nyinyi ndio walinzi wanaokimbia ukutani.

Ugomvi wa mali haupo, kwa sababu uhai ni mmoja. Chombo kikipasuka kimepasukia wote. Vito mnavyookota vinaingizwa kwenye kituo mnachokubaliana, na mzinga unageuka kuwa kitu kingine. Mkiwa mnaokoa wanyama waliofungwa, watoto wadogo wanaelewa lengo bila kusoma neno hata moja. Binti wa jirani wa miaka sita alishika ngao jioni nzima na hakuna jiwe lililopita upande wake. Unachezwa sehemu moja, televisheni moja, bila intaneti. Mchezaji akiwa peke yake anapewa mbwa au paka wa kumsaidia, lakini nionavyo mimi, ukiwa peke yako uchukue mwingine.

The Riftbreaker, kwa kifupi

Ni wa EXOR wale wale wa X-Morph, umetoka Oktoba 2021, na kucheza pamoja kukaongezwa mwaka 2025. Unashuka kwenye sayari Galatea 37 ndani ya vazi kubwa la chuma, unajenga kambi, unachimba, na mara kwa mara makundi ya wanyama yanakuja kwa mamia. Miongoni mwa madini yake kuna kobalti, na wadogo zangu walifurahi kuikuta huko kama waliokutana na ndugu ugenini. Kwa ukubwa wa kambi na wingi wa maadui unaipita yote niliyoitaja. Lakini mashini yake ni ya bei. Mwaka juzi muuzaji mmoja aliniuzia laptop akiapa kwamba ina kadi ya picha ya kutosha. Tuliwasha mchezo, kambi ikajengeka, wimbi la kwanza la wanyama likatokea, na picha ikaanza kwenda kama slaidi za harusi mpaka mashini ikajizima kwa joto. Kadi aliyoiapia haikuwamo. Kwa hiyo, ukiwa na mashini ya kweli ya michezo, au PS5, uangalie. Usipokuwa nayo, usijaribu kulazimisha.

Kuviweka kando kwa kando

Tuanze na kuran, kwa sababu ndiyo inayotuamulia sisi. Mindustry hauijali: simu ina betri yake, mchezo unajihifadhi wenyewe, na giza likiingia mnaendelea. Punguza mwanga wa skrini, na ambaye simu yake imefungua ramani ndiye awe na betri iliyojaa, maana akizimika yeye mmezimika wote. Michezo ya televisheni inataka kuran au grupu, yaani jenereta, na mafuta ya grupu kwa ajili ya mchezo ni vigumu kumweleza baba. X-Morph na Lovers zina nafuu ndogo ikiwa laptop yako ina betri nzima: televisheni inazimika, mnahamia kwenye skrini ya laptop na kubanana. Sanctum 2 unapoteza kila kitu pamoja na mtandao.

Mega: X-Morph, Lovers na Riftbreaker zinahitaji kupakuliwa mara moja, kwa giga, halafu zinatulia. Nenda mahali penye mtandao mzuri, pakua usiku, rudi nyumbani. Riftbreaker mkitaka kucheza wengi mnarudi tena kwenye mtandao. Sanctum 2 unautaka kila mnapokutana. Kwa yote ya Steam unahitaji pia kadi ya kulipia mtandaoni, na wengi wetu tunaomba ya mtu mwingine. Subirini punguzo, huwa yanakuja mara nyingi kwa michezo ya umri huu.

Kuhusu ladha ya kufyatua, nitaipanga hivi kwa moyo wangu: X-Morph mbele, Sanctum 2 nyuma yake kidogo, halafu Riftbreaker, Lovers, na Mindustry mwisho. Kuhusu ladha ya kujenga ipinduke karibu yote: Mindustry mbele kabisa, Riftbreaker pili, X-Morph tatu kwa sababu ya ule mstari unaojichora upya, Sanctum 2 nne, na Lovers haina.

Kuhusu amani ya nyumba, Lovers na Mindustry. Sina shaka hata kidogo.

Basi ukinisimamisha langoni leo, nitakuuliza una nini na unakaa na nani. Una simu tu na ndugu watatu: Mindustry, leo hii, na nitakupa faili mwenyewe. Una televisheni, manete mbili, na mdogo asiyejua kusoma: Lovers, hata kama haina mnara. Una televisheni hiyo hiyo lakini mwenzako ni mtu mzima anayependa kufikiri: X-Morph, na uzungumze na watoto wanaotazama. Mko wanne Kasapa na laptop nne: Sanctum 2, na mchague mwashi kabla hamjaanza. Kama una mashini kubwa na subira, Riftbreaker.

Na kwa watakaochukua Mindustry: hakikisheni simu zote zina namba moja ya toleo. Zikitofautiana hazitaunganishwa, hata kama mmekaa mkeka mmoja. Namba imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo. Mwenye toleo jipya awape wengine faili lake, wafute la zamani baada ya kuhifadhi ramani zao, kisha mfungue hotspoti.